Rupia, Reale na Shilingi za Fedha: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Kuzitunza

Bibi yangu aliniachia kopo la maziwa ya unga lenye rupia kumi na moja zilizofungwa kwenye kipande cha kaniki. Zilikaa humo zaidi ya miaka hamsini, uvunguni mwa kitanda, zikatoka nzima. Zilianza kuharibika zilipofika mikononi mwangu, kwa mapenzi na haraka. Tangu hapo nimejifunza, na sasa watu hunitumia picha za sarafu zao karibu kila wiki wakiuliza la kufanya. Hapa nimekusanya maswali yanayojirudia. Kama una sarafu mkononi sasa hivi na kitambaa mkono wa pili, tafadhali weka kitambaa chini kwanza, kisha usome.

Sarafu zipi za kwetu ni za fedha kweli?

Si kila sarafu nyeupe ya zamani ni fedha. Hizi ndizo utakazokutana nazo mara nyingi kwenye makopo na makasha ya wazee.

Reale ya Shamu, yenye sura ya Malkia Maria Theresa wa Austria, ni kubwa na nzito: gramu 28.07, na kati ya sehemu 1,000 za uzito wake, 833 ni fedha. Zote zimeandikwa mwaka 1780, mwaka aliofariki malkia, hata zile zilizopigwa karne ya ishirini. Kwa hiyo usishtuke ukiona ya kwako inang'aa kama ya jana ilhali imeandikwa 1780, na usimwamini anayekuuzia kwa bei ya kitu cha karne ya kumi na nane kwa sababu ya tarakimu hizo tu.

Rupia ya Mjerumani ilitolewa kwanza na kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki, kati ya 1890 na 1902. Upande mmoja yuko Kaiser Wilhelm II amevaa kofia ya chuma yenye tai, upande wa pili simba na mnazi. Kuanzia 1904 serikali yenyewe ya koloni ikachukua kazi hiyo, na rupia ikagawanywa kwa heller 100. Neno letu "hela" limetoka hapo. Uzito wa rupia ni gramu 11.66, fedha sehemu 917 kwa 1,000. Rupia ya India ina uzito huo huo na fedha hiyo hiyo, ndiyo maana kwenye kopo moja utamkuta Malkia Victoria amelala kando ya Kaiser. Ya Mombasa ya 1888, ya kampuni ya Waingereza, nayo ni ya kipimo hicho, ila ni adimu zaidi.

Halafu kuna shilingi ya simba na milima, ya Afrika Mashariki wakati wa Mwingereza. Hii ndiyo inayowachanganya watu. Zilizopigwa kati ya 1921 na 1946 zina fedha robo tu, sehemu kubwa iliyobaki ni shaba. Za kuanzia 1948 hazina fedha kabisa. Florini ya 1920, sarafu iliyoitangulia shilingi hiyo, ilikuwa na fedha nusu. Riyali ya Sayyid Barghash wa Zanzibar ya mwaka 1299 Hijria, yaani 1882, ni fedha nzuri, lakini ukiambiwa inauzwa kwa bei poa mtaani, shaka iwe ya kwanza kuingia kichwani.

Nimeanza na hili kwa sababu maradhi ya sarafu hufuata kilichomo ndani yake. Rupia na reale hushambuliwa na weusi. Shilingi yenye fedha robo hushambuliwa na ukijani, kwa sababu ya shaba. Dawa na kinga havilingani.

Kwa nini fedha inakuwa nyeusi? Ni kutu?

Si kutu kama ya chuma. Fedha haisumbuliwi na hewa safi wala maji safi. Kinachoipata ni salfa. Gesi yenye salfa, ile inayonuka kama yai viza, ikigusa fedha hutengeneza utando mwembamba sana. Mwanzoni utando huo huonekana wa manjano kama chai ya rangi, kisha wa zambarau na bluu, mwisho mweusi. Unyevu huharakisha kazi hiyo.

Sasa fikiria mahali tunapoishi. Ukikaa karibu na mikoko, ile harufu ya tope maji yakipwa ndiyo gesi yenyewe. Moshi wa mkaa na wa jiko la mafuta ya taa una salfa. Mayai, vitunguu, sufu, raba bendi, gazeti, kadibodi za bei nafuu, vyote vina salfa ya kutosha kuipaka sarafu rangi. Rafiki yangu mmoja alifunga reale nne kwa raba bendi, akaziweka droo ya jikoni. Baada ya mwaka mmoja kila moja ilikuwa na mstari mweusi wa mviringo pale raba ilipopita, na mstari ule hautatoka.

Niisafishe na nini?

Usiisafishe. Ninajua jibu hili haliridhishi, kwa hiyo nitaeleza.

Utando mweusi ni fedha yenyewe iliyogeuka. Ukiusugua, unaondoa fedha, na pamoja nayo unaondoa mistari midogo sana ya mng'ao iliyoachwa na mashine siku sarafu ilipopigwa. Mistari hiyo hairudi. Mkusanyaji akiigeuzageuza sarafu chini ya taa huona mwanga ukizunguka kama miali ya gurudumu, na hapo hujua haijaguswa. Ikisuguliwa, mwanga hutawanyika ovyo na mikwaruzo midogo huonekana ikielekea upande mmoja. Bei hushuka papo hapo, mara nyingi zaidi ya nusu.

Binamu yangu alichukua rupia tatu kati ya zile kumi na moja, akazing'arisha kwa ndimu na majivu ili zivaliwe harusini. Zilipendeza siku ile. Moja ilikuwa ya 1890, mwaka wa kwanza kabisa wa rupia hizo, na ile sura ya Kaiser ilikuwa imebaki na kila unyoya wa tai kwenye kofia. Leo unyoya hauonekani. Bado ninayo, ninaitumia kuwaonyesha watu maana ya neno "usisugue".

Ndimu, ukwaju, majivu, dawa ya meno, magadi, karatasi ya alumini na maji ya moto, kemikali ya sonara ya kuchovya: vyote vinafaa kwa bangili na vijiko. Sonara ni fundi wa vito, na vito vimekusudiwa kung'aa. Sarafu ya mkusanyaji haikukusudiwa hivyo. Usimpelekee.

Je, hakuna uchafu wowote unaoruhusiwa kuondolewa?

Upo. Udongo uliolegea, vumbi, mafuta ya mikono, gundi ya selotepu, na utelezi wa plastiki ambao nitaueleza chini. Hivyo vimekaa juu ya sarafu, havijawa sehemu yake.

Kwa udongo na chumvi, loweka kwenye maji yaliyochujwa kwa mvuke, ubadilishe maji kila siku kwa siku chache, kisha uache ikauke juu ya kitambaa laini cha pamba bila kufuta. Maji hayo utayapata kituo cha mafuta kwa jina la "maji ya betri". Soma lebo mara mbili. Kando yake, kwenye chupa inayofanana, huuzwa asidi ya betri, na muuzaji mwenye haraka anaweza kukupa yoyote. Asidi itakula sarafu na vidole vyako. Maji ya bomba hayafai kwa sababu ya klorini, na ya kisima cha pwani yana chumvi.

Niishike vipi?

Kwa ukingo, kati ya kidole gumba na cha shahada, juu ya kitambaa kilichokunjwa ili ikidondoka isigonge sakafu. Osha mikono na uikaushe kwanza. Jasho la pwani lina chumvi na mafuta, na alama ya kidole kwenye sarafu inayong'aa inaweza kutoonekana leo, ikajitokeza kahawia baada ya miezi sita, na haiondoki. Glavu za pamba au za nitraili ni nzuri, za mpira wa kawaida hapana, mpira una salfa. Na usizungumze huku umeinamia sarafu. Tone moja la mate huacha doa jeusi.

Niziweke ndani ya nini?

Hapa ndipo nilipopoteza nyingi zaidi, kwa hiyo niruhusu nirefushe.

Albamu yangu ya kwanza niliinunua duka la vifaa vya ofisi. Kurasa zake zilikuwa laini, angavu, na zilinukia kama pazia jipya la bafuni. Nikapanga humo shilingi ishirini na mbili za wafalme George V na George VI, mwaka kwa mwaka, nikaona nimefika. Ilipita masika moja, ikapita ya pili. Siku moja nikafungua ukurasa wa tatu nikakuta sarafu zimeng'ang'ania plastiki. Nilipoivuta moja ilitoka na sauti kama ya gundi. Kwenye shingo ya simba palikuwa na utelezi wa kijani, mzito kama kamasi, na juu ya milima vitone vya kijani kikavu. Kati ya ishirini na mbili, tisa zilikuwa zimeliwa.

Plastiki ile ni PVC. Ili iwe laini huchanganywa na mafuta fulani, na kwa joto na muda mafuta hayo hutoka, na plastiki yenyewe hutoa asidi ya haidrokloriki. Shaba iliyomo kwenye sarafu inageuka kijani. Joto la kwetu huharakisha kazi hiyo kuliko kwenye nchi za baridi.

Namna ya kuitambua: PVC ni laini, inanata kidogo, ina harufu. Vyombo vingi vina pembetatu ya mishale chini yenye namba. Namba 3 ni PVC, iache dukani. Namba 1, ambayo ni poliesta, na namba 5, ambayo ni polipropilini, ni salama. Vifuko vya poliesta ni vikavu, vinakwaruza vidole na kutoa mlio kama karatasi ya biskuti, basi angalia visikwaruze sarafu unapoingiza. Kwa sarafu nzuri zaidi nunua kapsuli ngumu za akriliki zenye kipenyo sahihi. Rupia inataka karibu milimita 30 au 31. Reale inataka karibu milimita 40 au 41, kwa hiyo pima kila moja kabla ya kuagiza. Kapsuli iliyolegea humwacha malkia akicheza ndani na kujikwaruza kila kasha linaposogezwa.

Vile vikadi vya mraba vyenye dirisha la plastiki, vinavyofungwa kwa pini za stepla, vinafaa na ni rahisi. Angalia mambo mawili: pini za stepla hupata kutu pwani, na ncha zake zikitokeza hukwaruza sarafu ya jirani. Zibonyeze kwa koleo, au tafuta vya kujibandika.

Mfuko wa kitambaa je? Kaniki ya bibi ilizilinda zile rupia na mikwaruzo, lakini mbili kati yake zina alama ya nyuzi za kitambaa iliyochapwa kwa rangi ya zambarau juu ya shavu la Kaiser, vijimraba vidogo kama neti. Binafsi naipenda rangi ile kuliko mng'ao wowote. Lakini ilitokea kwa bahati, na bahati kama hiyo huja mara moja.

Nimeshaona utelezi wa kijani. Nifanye nini?

Toa sarafu zote kwenye albamu hiyo leo, hata zinazoonekana nzima. Kisha tafuta asetoni safi kwenye duka la kemikali za maabara au duka la dawa. Kiondoa rangi ya kucha hakifai, mara nyingi kina manukato na mafuta ndani yake.

Fanya kazi nje, barazani, mbali na jiko, sigara na watoto. Asetoni hushika moto upesi sana. Mimina kwenye kikombe cha kioo, maana plastiki nyingi huyeyuka ndani yake. Zamisha sarafu dakika kumi, igeuze, dakika kumi tena. Mwaga, weka asetoni mpya, rudia. Itoe kwa koleo la plastiki ngumu namba 5, ushike ukingo, uiache ikauke. Itakauka ndani ya sekunde chache. Usifute. Asetoni haigusi fedha wala shaba, inayeyusha tu kilichotoka kwenye plastiki.

Kama chini ya ukijani kuna vishimo, vishimo vitabaki. Lakini ulaji umesimama.

Ninaishi pwani na nyumba haina kiyoyozi. Unyevu nitaudhibiti vipi?

Kuanzia Mombasa hadi Mtwara unyevu wa hewa mara nyingi huvuka asilimia 70, na sarafu inataka iwe chini ya 50. Huwezi kukausha nyumba nzima. Kausha sanduku.

Mimi natumia vyombo vya jikoni vya polipropilini, vile vyenye vibano pande nne na ukanda wa silikoni kwenye mfuniko. Hakikisha ni silikoni, si mpira mweusi. Ndani naweka sarafu zikiwa kwenye kapsuli zake, vifuko vya silika, na kipimaunyevu kidogo cha betri. Vifuko vya silika ni vile vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu vikiwa na onyo la kutokula. Vya viatu vimeshachoka kabla hujavipata, nunua vipya vyenye chembe za rangi ya chungwa zinazogeuka kijani zikishiba. Zikishiba zirudishe uhai kwenye oveni, nyuzijoto karibu 120 kwa saa mbili au tatu, uziache zipoe ndani ya chombo kilichofungwa, kisha uzirudishe. Kuanika juani hakutoshi.

Fungua sanduku siku ya kaskazi kavu, usifungue katikati ya masika bila sababu. Kila ukilifungua unaingiza hewa ya bahari ndani.

Mchele usiutumie. Najua unafaa kwenye chupa ya chumvi, lakini una vumbi, na baada ya muda una wadudu.

Walioko Arusha, Nairobi au Iringa wana afadhali kubwa. Wanaoishi Muscat wanajua unyevu wa kiangazi kule unavyofanana na wetu, na kiyoyozi kinachowashwa na kuzimwa ndicho adui wao: sarafu baridi ikikutana na hewa ya joto hutoa jasho kama glasi ya maji ya barafu.

Vidonge vya nondo, udi na marashi kwenye kabati moja vina madhara?

Vidonge vya nondo, ndiyo. Mvuke wake hushuka juu ya plastiki na juu ya sarafu ukiwa kama ukungu, na aina nyingine zina klorini. Udi na ubani ni moshi, na moshi huacha masizi yenye mafuta. Sisemi uache kufukiza nyumba. Nasema tu sarafu zisikae kwenye kabati la nguo linalofukizwa.

Kasha la Lamu la babu halifai?

Kwa macho hakuna zuri zaidi. Kwa sarafu zilizo wazi, hapana. Mbao hutoa mvuke wa asidi, vanishi na gundi ya bitana huongeza yake, na mchwa hawajali nakshi. Wanapita ukutani kimya, wanakula kadi na bahasha zote zenye maelezo yako, na kukuachia sarafu zilizojaa udongo wenye unyevu. Ukitaka kulitumia, weka ndani yake chombo cha plastiki kilichofungwa, na liinue juu ya matofali, mbali na ukuta.

Sefu ya nyumbani au benki?

Inategemea una nini. Kopo la shilingi zenye fedha robo halihitaji benki. Ukiwa na rupia mbili za Mjerumani, namaanisha ile sarafu moja nzito yenye thamani ya rupia mbili ya 1893 na 1894, usilale nayo nyumbani.

Si kila tawi la benki lina masanduku ya amana, basi uliza kabla. Uliza pia maandishi ya mkataba yanasemaje kuhusu wizi na moto, maana mara nyingi benki inakukodisha chumba tu, haiwajibiki na kilichomo. Na chumba cha chini ya ardhi kina unyevu, kwa hiyo vifuko vya silika viende navyo.

Sefu ya nyumbani ifungwe kwa boliti kwenye sakafu ya zege. Isiyofungwa hubebwa nzima. Halafu kuna jambo ambalo wauzaji hawalisemi: sefu za kuzuia moto zina ukuta uliojazwa kitu chenye maji ndani yake, ili moto ukija maji hayo yageuke mvuke na kupoza. Siku za kawaida unyevu huo hupenya ndani polepole. Nimeona rupia zikigeuka bluu ndani ya sefu ya bei ghali, zaidi ya zilivyowahi kugeuka uvunguni. Ndani ya sefu, weka tena chombo kilichofungwa.

Ulinzi mkubwa kuliko chuma ni mdomo. Usiweke mkusanyiko wako kwenye status. Picha ya simu inaweza kubeba mahali ilipopigwa, zima huduma hiyo kwenye kamera kabla ya kupiga. Ukiuza, kutana na mnunuzi mahali penye watu, mchana, na ubebe sarafu zinazouzwa tu.

Maji yameingia nyumbani, sarafu zimelowa. Nianze wapi?

Anza na zenye shaba nyingi, yaani shilingi, kisha florini, kisha rupia na reale. Zitoe kwenye vifuko na kadi zote zilizolowa, zisuuze kwa maji ya betri (maji, si asidi), zilaze kivulini juu ya pamba. Kabla hujazitoa, piga picha kila kadi na sarafu yake, maana wino ukiyeyuka hutajua ipi ilitoka wapi. Kama ni maji ya bahari, loweka na badilisha maji kwa siku tatu au nne. Chumvi iliyobaki ndani ya shaba huendelea kula kwa miaka.

Sarafu ya kwangu ina tundu au kikuku cha mkufu. Nikitoe?

Hapana. Reale nyingi za pwani, Oman na Uhabeshi zilivaliwa kama mapambo, na kikuku ni sehemu ya maisha yake. Ukikikata unabaki na kovu la lehemu na hupati bei ya sarafu safi. Itunze kama pambo la kale, uiandikie nani aliivaa.

Niandike nini kuhusu kila sarafu?

Picha ya pande zote mbili na ukingo. Uzito kwa mizani inayosoma hadi sehemu mia ya gramu. Kipenyo. Ulikoipata, lini, kwa bei gani. Na hadithi yake, kama ipo. Rupia za bibi nimeziandikia kwamba zilitokana na mauzo ya nazi za baba yake, kwa sababu aliniambia mwenyewe, na hakuna kitabu cha bei kitakachomwambia mjukuu wangu jambo hilo. Ukingo usiusahau: wa reale una maandishi ya Kilatini yaliyoinuka, na bandia nyingi hushindwa hapo.

Nakala moja ya orodha ikae nje ya nyumba. Mtu mmoja unayemwamini ajue zilipo, na wasia useme zigawanywe vipi. Nimeshuhudia familia ikiuza kopo zima kwa mnunuzi wa vyuma chakavu, kwa kilo, wiki moja baada ya arobaini ya mzee.

Je, zina zaka?

Kwa Mwislamu, fedha ina nisabu, yaani kiwango cha chini kinachowajibisha zaka, na wengi huihesabu kuwa gramu 595 za fedha safi, ikipitiwa na mwaka wa Hijria, kisha asilimia 2.5. Hesabu ni ya fedha iliyomo, si ya uzito wa sarafu. Rupia moja ina gramu 10.69 za fedha, kwa hiyo rupia 56 zinafikia. Reale moja ina gramu 23.4, kwa hiyo reale 26. Kama una dhahabu, pesa taslimu au mali ya biashara pamoja nazo, au thamani yake ya kikale ni kubwa kuliko ya madini, mpelekee sheikh wako orodha yako. Hii ni sababu nyingine ya kuwa na orodha.

Nimechimba msingi wa nyumba nikakuta sarafu ndogo zenye maandishi ya Kiarabu.

Simamisha jembe. Usizioshe, usizitenganishe, piga picha zikiwa ardhini. Mwaka 1984, Mtambwe Mkuu kule Pemba, wachimbaji wa mambo ya kale walipata sarafu za fedha zaidi ya 2,000, ndogo na nyembamba, zenye majina ya watawala wa pwani, pamoja na dinari za dhahabu. Mengi tunayoyajua leo kuhusu watawala wale yametokana na sarafu hizo kukutwa pamoja, mahali pake. Zingeuzwa mojamoja sokoni, zingebaki vipande vya fedha tu.

Sheria nayo iko wazi: Tanzania Bara ina Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964, Kenya ina sheria ya makumbusho na urithi ya 2006, Zanzibar ina idara yake. Vitu vya kale vilivyofukuliwa huripotiwa. Hata ukiletewa za namna hiyo kununua, kataa.

Nizikague mara ngapi?

Mara mbili kwa mwaka zinatosha: kabla ya masika, Februari hivi, na baada yake, Julai. Soma kipimaunyevu, tazama rangi ya silika, angalia kila sarafu kupitia kapsuli bila kuitoa. Unatafuta ukijani, doa jipya jeusi, au plastiki inayoanza kunata. Ukiona kimoja, shughulikia sarafu hiyo peke yake. Nyingine zifungie, uandike tarehe kwenye karatasi iliyobandikwa juu ya mfuniko.